Kadi ya Bodi ya Tatu

Ampea moja na nukta mbili. Hicho ndicho chakula halali cha bodi ile ya kielektroniki ikishaamka na kutulia. Asubuhi hiyo bodi ya nne ilikuwa imeshafika mbili na nusu, na tarakimu nyekundu za pawa saplai, kifaa kinachoilisha umeme, zilikuwa bado zinapanda, mojamoja, bila haraka. Nikazitazama kwa hasira, maana mimi hasira hunijia kwanza, woga hufuata baadaye ukiwa umechelewa basi.

"Wewe nawe una njaa gani?" nikaiuliza.

Tarakimu zikafika tatu. Kidhibiti cha umeme kikakata, taa ya kijani ikazimika. Sekunde moja baadaye ikajiwasha tena, ikapanda, ikakata. Ikawa ndiyo kazi yake: inawaka, inakata, inawaka, inakata, na kila mara inatoa mlio mdogo kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

Mzee Kipimo akageuza kiti chake. Yeye ndiye mwenye karakana, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ana mita mbili: moja ya kupimia kazi, nyingine ya kupimia ile mita. Hata sukari ya chai anaipima kwa kijiko kilekile tangu nimjue, akikikosa hanywi.

"Imeanza lini?"

"Baada ya dakika ishirini. Ikiwa baridi ilikuwa mtoto mzuri kabisa."

"Basi usiitukane. Ipime."

Karakana yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Nyuma ya mtaa wetu, dakika nane kwa miguu, kuna hospitali yenye mashine tatu za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimechoka. Mashine zenyewe ni nzima isipokuwa ubongo. Waliozitengeneza waliacha kutoa bodi zake miaka mingi iliyopita. Sisi tukachora bodi mpya. Katikati yake kuna chipu ya FPGA, aina ya chipu inayokuja ikiwa haijui kazi yoyote, ni wewe unayeipangia: hapa itasoma joto la maji, hapa itaendesha pampu ya damu, hapa itapiga kengele mambo yakiharibika. Tulitengeneza bodi nne. Tatu zilikuwa ndani ya mashine, zinafanya kazi. Ya nne ilikuwa ya akiba, ndiyo hiyo iliyokuwa inakata mezani.

Na kaka yangu, kifungua mimba wa mama yetu, ni mmoja wa watu hao. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, damu yake hutoka mwilini, hupita kwenye mashine, hurudi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu.

Nikaanza na yale ya kawaida. Nilizima umeme, nikapima kwa mita kama kuna shoti. Hakuna. Nikaiacha ipoe, nikaiwasha, ikala ampea moja na nukta mbili kwa adabu zote. Dakika ishirini, ikaanza tena kupanda. Nikadhani labda ni kazi tuliyoipangia chipu, pengine miguu yake miwili inasukumana na kitu kingine, nikafuta kila kitu na kuiacha chipu tupu. Bado ikapanda. Nikatenganisha mistari ya umeme mmoja baada ya mwingine hadi nikabaki na mmoja, ule wa volti moja unaolisha ubongo wa chipu wenyewe. Mwizi alikuwa humo.

"Lete spiriti," Kipimo akasema.

Hii ndiyo mbinu yetu ya kimaskini, na sijaona ya matajiri inayoishinda. Unaipaka bodi spiriti kwa brashi hadi ing'ae. Kisha unaweka umeme kidogo kwenye mstari mgonjwa. Penye shoti pana joto, na penye joto spiriti hukauka kwanza. Tukainama wote wawili, vichwa vikikaribiana, hakuna aliyepumua. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha pembeni kabisa mwa bodi, karibu na ukingo, doa dogo likakauka, likawa jeupe.

"Pale," akasema, akionyesha kwa njiti ya kiberiti.

Palikuwa na kapasita, kile kidude cha kutunza umeme, ndogo kuliko punje ya mchele. Nikaing'oa kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Tukaiwasha bodi bila hiyo kapasita, tukasubiri dakika ishirini na tano kwa saa, maana Kipimo hakubali ishirini pale ishirini na tano zinapowezekana. Moja na nukta mbili, haikutikisika. Nikaiweka kapasita chini ya lenzi. Ufa mwembamba ulikuwa umeanzia kwenye kona yake na kupanda kwa mshazari hadi juu.

Kipimo akauangalia muda mrefu.

"Kapasita haijipasui," akasema. "Bodi ilipindwa. Nani alizitenganisha hizi bodi?"

Alijua. Alitaka nijibu.

"Mimi."

"Kwa mashine ya kukatia?"

"Kisu chake kilikuwa butu, Mzee."

"Kwa hiyo?"

"Kwa mkono. Ukingoni mwa meza."

Bodi zetu huja nne katika bamba moja, kati yake pamechanjwa mstari. Kila siku nikipanda ngazi huwaona mafundi vioo wa chini wakichanja kioo kwa almasi, wakikiweka ukingoni mwa meza, wakikibonyeza mara moja, tak, kinaachana safi. Nikasema kama kioo kinakubali, bodi ni nani? Nikazibonyeza zote nne asubuhi moja, tak, tak, tak, na nikawaita watu waje waone mkono wangu ulivyo mwepesi. Sikufikiri kwamba kioo hakina kapasita mgongoni.

Kipimo ana methali kwa kila kifaa. Siku nyingine angeniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kisha angecheka mwenyewe. Siku hiyo hakusema kitu, na hapo ndipo woga wangu ulipofika.

"Tuchukulie zote nne zina ufa," akasema hatimaye. "Ukiwa baridi umefumba. Bodi ikipata moto unafumbuka, kila siku kidogo zaidi. Lakini zote zina mlinzi. Umeme ukizidi ampea tatu, kidhibiti kitakata kama kilivyokata hapa. Mashine itasimama, kengele italia, nesi atamrudishia mtu damu yake kwa mkono. Ni usumbufu, si msiba. Wakimaliza zamu ya saa sita tunakwenda kuzing'oa zote."

Akavuta boksi la kadi. Kila bodi inayotoka kwetu ina kadi ya kijani inayobaki karakana. Ukibadilisha kitu, hata rezista moja, unaandika: nini, lini, sababu. Ukibadilisha kisha ukarudisha, unaandika pia. Ndiyo sheria pekee ya Kipimo isiyo na msamaha, mengine yote unaweza kumbembeleza.

"Ya kwanza, mlinzi wa ampea tatu," akasoma. "Ya pili, tatu. Ya tatu..." Akaigeuza nyuma na mbele. "Haijaguswa. Safi."

Alikuwa ananitazama juu ya miwani, akingoja tu nikubali ili aendelee.

"Eeh," nikasema.

Akainuka kwenda chumba cha pili kutafuta kapasita mpya. Nikabaki na ile kadi mezani, safi kabisa.

Wiki tatu kabla ya hapo hospitali ilikuwa na mashine mbili tu zinazofanya kazi. Wagonjwa walikuwa wakigawana zamu, na kaka yangu akawa anapata mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Miguu yake ilivimba hadi viatu vikamkataa. Akawa anakuja kwetu na ndala, analala ameketi kwenye kochi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, na bado ananitania: "Cheche, hiyo bodi yako ya tatu unaitengeneza au unaizaa?" Cheche ndilo jina alilonipa tangu utoto, kwa ajili ya hasira zangu. Mimi nilikuwa nacheka, kisha naingia jikoni na kulia.

Bodi ya tatu ilikuwa mezani siku hiyo, imebaki majaribio ya mwisho. Ilifanya kazi nusu saa, ikakata. Mara moja tu. Nikaiwasha, haikurudia. Nikaingoja saa nzima, haikurudia. Kipimo hakuwepo, alikuwa nyumbani anaumwa jino. Nikajiambia mlinzi huyu ni mwoga, tumemweka mkali mno, anaogopa kivuli chake. Nikang'oa rezista yake ndogo, ile inayompangia akate lini, nikaweka nyingine, asikate hadi ampea sita. Bodi ikatulia. Nikasema wiki ijayo nitairudisha, ndiyo maana sikuandika. Wiki ijayo ikaja, ikapita. Bodi ilikuwa inafanya kazi, mashine imefungwa skrubu zake kumi na mbili, nami nikajifanya nimesahau hadi nikasahau kweli.

Kaka yangu alilazwa kwenye mashine namba tatu. Baada ya siku tano alivaa viatu. Akavua, akavaa tena, anionyeshe. Nilijiona nimempa miguu yake kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kadi na najua kitu kimoja ambacho Kipimo hakijui. Bodi ya tatu haikukata siku ile kwa woga. Ilikata kwa sababu ya ufa. Mlinzi aliuona mapema kuliko sisi wote, akapiga kelele, mimi nikamziba mdomo. Ufa ukifunguka mle ndani hakuna wa kukata. Umeme utaendelea kumwagika, volti ya chipu itashuka, na chipu ikinyimwa volti haifi papo hapo, inalewa. Inaendelea kutoa amri. Maji yakifika nyuzi arobaini na mbili, arobaini na tatu, itasoma thelathini na saba na kuwasha hita zaidi. Kengele nayo inapigwa na chipu hiyohiyo. Damu ya mtu ikipita kwenye joto hilo huanza kuharibika, kisha inarudi hivyohivyo kwenye moyo wake.

Saa nne na dakika ishirini. Kaka yangu alikuwa ameunganishwa tangu saa mbili. Bodi ilikuwa na moto wa saa mbili na ushei.

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo nimeiandika shuleni mara ngapi, na sikuwahi kuisikia tumboni hadi siku hiyo. Nilikosea namba ya simu mara mbili. Mara ya tatu ikaita, ikaita, ikaita.

"Wodi ya figo."

"Sista, habari za saa hizi. Ni fundi wa bodi."

"Ah, dada fundi! Nzuri. Mbona unahema hivyo, umepanda mlima?"

"Kaka yangu yuko mashine gani?"

"Leo? Leo yuko namba moja."

Nikashusha pumzi. Nikaegemea kiti kama gunia. Nasema ukweli, maana kusudi la kusimulia haya ni kusema ukweli: nilicheka. Machozi yalinitoka huku nacheka. Namba moja ina mlinzi wake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, naye nesi akasema amina bila kujua anaitikia nini.

"Kwani ameacha namba tatu?" nikauliza. Nilikuwa napiga soga tu sasa, kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Si huwa anaigombania?"

Nesi akacheka. "Kaka yako naye! Leo tuna mama mgeni, ndiyo mara yake ya kwanza. Alikuwa anatetemeka, sindano hataki, mashine hataki, anataka kurudi nyumbani. Kaka yako akainuka akamwambia, mama, njoo ulale kwenye yangu. Hii ndiyo salama kuliko zote, kaitengeneza mdogo wangu kwa mkono wake."

Nikanyamaza.

Baadaye nesi aliniambia ilikuwa kama sekunde tatu au nne, akadhani simu imekatika. Mimi naujua urefu wake. Lilinijia wazo, na halikuja kwa kishindo, lilikuja kwa adabu kabisa: kaka yako yuko salama. Imebaki saa moja na dakika arobaini. Imekwenda wiki tatu haijaharibika, kwa nini iharibike leo? Saa sita mtazing'oa zote, utairudisha rezista kabla Kipimo hajavaa miwani, na hakuna atakayejua. Ukisema sasa, namba tatu itafungwa, kaka yako atarudi kwenye ndala. Yule mama simjui, hata sura yake sijaiona. Nililisikiliza wazo hilo hadi mwisho. Sikulifukuza mara moja. Hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo kuliko bodi yenyewe.

"Dada fundi? Upo?"

"Sista. Shika mpira wa maji wa namba tatu. Ule unaoingia kwenye chujio. Ushike kwa mkono."

"Skrini inasema thelathini na saba, dada, iko vizuri tu."

"Usiiangalie skrini. Nakuomba. Ushike."

Nikasikia ndala zake zikienda. Nikasikia sauti ya kiume, ya kaka yangu, ikiuliza kitu kwa utani. Kisha nesi akapiga kelele, si ya maneno. Kitu kikaanguka. "Zima pampu! Funga hapa! Mama, tulia, tulia mama yangu, usijitikise!" Simu ilikuwa imeachwa wazi mezani, nami nikabaki nimeibana sikioni, nasikiliza.

Nilipogeuka, Kipimo alikuwa amesimama mlangoni na pakiti ya kapasita mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Umebadilisha nini?"

"Rezista ya mlinzi. Ya namba tatu."

"Hadi ngapi?"

"Sita."

Nilitaka anitukane. Mimi ningemtukana mtu hadi sauti ikauke. Yeye aliiweka pakiti mezani taratibu, akachukua mfuko wa vifaa, akasema, "Tangulia, una miguu."

Nilikimbia. Nilipita duka la vioo ambako mtu alikuwa anabonyeza kioo, tak. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu nilikuwa nahesabu, sijui nahesabu nini, na kila nikifika sita narudi moja.

Mlangoni mwa wodi harufu ilinipokea. Kila fundi anaijua, harufu ya bodi inayoungua ina utamu fulani unaokaa kwenye koo. Mashine namba tatu ilikuwa imezimwa. Nesi alikuwa amesimama ubavuni mwake anazungusha pampu kwa mpini wa mkono, polepole, anamrudishia yule mama damu yake, na midomo yake ilikuwa inahesabu mizunguko. Yule mama alikuwa mdogo wa mwili, amefunga kitambaa cha kahawia, anatetemeka mwili mzima. Alikuwa anaongea, na nilishukuru hilo, ingawa alichokuwa anasema ni "nakufa, nakufa, nakufa."

Daktari alikuja, akachukua damu kwenye kichupa, akaondoka nacho kwenda maabara. Nilifungua skrubu kumi na mbili. Nilizifunga mwenyewe wiki tatu nyuma, na sasa nikaangusha tano. Ndani, pembeni mwa bodi, pale penye ile kapasita, palikuwa na duara jeusi ukubwa wa kitufe cha shati. Plastiki ilikuwa imevimba. Juu ya chipu kulikuwa na kibandiko changu chenye namba tatu kwa mwandiko wangu, kimekunjamana kwa joto. Skrini, kabla haijazimwa, ilikuwa bado inasema thelathini na saba. Kipimajoto cha nesi kwenye maji yaliyobaki kilisema arobaini na moja na nusu.

Kipimo akafika, akainama, akalitazama duara lile.

Daktari akarudi baada ya dakika ambazo sitaki kuzikumbuka. "Damu haijaharibika," akasema. "Ingefika robo saa nyingine, tungekuwa tunazungumza mengine."

Yule mama alisikia. Aligeuza shingo hadi akamwona kaka yangu, kwenye kiti cha namba moja, mipira yake miwili myekundu ikiwa bado inazunguka.

"Baba," akamwambia kwa sauti ndogo, "wewe si ulisema hii ndiyo salama?"

Kaka yangu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, akanigeukia mimi.

"Cheche, kwani imekuwaje? Ni umeme wa hapa, eti? Maana tangu asubuhi taa zinachezacheza."

Alikuwa ananipa mlango. Nilimjua, alikuwa ameshaufungua, ameushikilia, ananisubiri nipite. Wodi nzima ingekubali. Hakuna mtu asiyekubali kuulaumu umeme.

"Si umeme," nikasema. "Ni mimi. Bodi hii ilinionya kabla haijatoka karakana. Niliilegezea mlinzi wake ili iwahi, kwa sababu miguu yako ilikuwa imevimba. Sikumwambia mtu. Nisamehe, mama. Nisamehe sana."

Yule mama akafumba macho, akageuzia uso ukutani. Sikumlaumu.

Kaka yangu aliutazama mpira unaoingia mkononi mwake. Aliufuata kwa macho, kutoka kwenye sindano hadi kwenye chujio, kutoka kwenye chujio hadi kwenye mashine, taratibu, kama mtu anayeona njia hiyo kwa mara ya kwanza. Miaka miwili amelala kwenye mashine hizi akitania watu, na sikuwahi kumwona anaogopa. Nilimwona sasa.

"Sista," akasema, "na hii yangu?"

Nesi akanitazama mimi. Kipimo naye akanitazama.

"Hiyo ina mlinzi wake," nikasema. "Sikuigusa."

Kwa mara ya kwanza maishani neno langu peke yake halikumtosha kaka yangu. Aliuliza kwa macho, akipita juu ya kichwa changu, na Kipimo akamjibu: "Namba moja na namba mbili nilizijaribu mwenyewe. Zikizidiwa zitazima. Maliza zamu yako, baba, leo unaihitaji. Saa sita tunazing'oa."

"Na wewe," Kipimo akaniambia, "kaa hapo."

Nikakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, nikaushika mpira wa maji wa namba moja kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa vuguvugu. Kipimo akatoa kitu kwenye mfuko wa vifaa, akakiweka juu ya goti langu pamoja na kalamu. Ilikuwa kadi ya kijani ya bodi ya tatu. Aliichukua mezani kabla ya kutoka, wakati mimi nakimbia.

Nikaandika kwa mkono mmoja, mwandiko mbaya. Nini: rezista ya mlinzi, kutoka ampea tatu hadi sita. Lini: nikaandika tarehe ya siku ile, siku ya jino. Nikafika kwenye sababu, kalamu ikasimama.

Kaka yangu alikuwa ananisoma kutoka juu. Sikujua.

"Mdogo wangu," akasema. Hakuniita Cheche. "Hapo kwenye sababu, usiniandike mimi."

Nikaangalia kadi hadi mistari ikachanganyika. Kisha nikaandika: haraka yangu, na kiburi cha mkono wangu. Nikampa Kipimo kadi. Akaisoma, akaitia mfukoni.

Ilikuwa imebaki saa moja na dakika tano. Nilibadilisha mkono mara nne. Kila baada ya muda kaka yangu aliuliza bila kunitazama, "Bado vuguvugu?" nami nikajibu, "Bado vuguvugu," hadi zamu yake ikaisha.